Ujumbe wa sekunde 48: kisa cha tishio la ndege Mtwara na safari ya barabara iliyofuata

Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye siku moja atapigiwa simu na kuulizwa, "Tupande au tusipande?" Mimi nilipigiwa, nikajibu vibaya, na watu watatu wakaumia. Nimeondoa jina la taasisi, aina ya kazi yake, mwezi na mwaka. Wahusika nimewataja kwa nafasi zao tu, na wote waliosafiri siku ile wameisoma rasimu hii na kuiridhia.

Mazingira

Taasisi ilikuwa na ofisi Mtwara mjini na watumishi wanaozunguka vijiji vya Mtwara na Lindi. Mara moja kwa robo mwaka, kundi la watumishi lilikwenda Dar es Salaam kwa kikao. Kwa kawaida walipanda ndege ya pangaboi, Dash 8 yenye viti 76, na baada ya saa moja na ushee walikuwa wanashuka Dar. Safari hii walikuwa watu 11. Kikao kilipangwa Ijumaa asubuhi, na tiketi zilikuwa za Alhamisi.

Njia ya pili ni barabara, takriban kilomita 560: Mingoyo, Lindi, Nangurukuru, Somanga, Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Kibiti, kisha foleni ya kuingia Dar. Ni lami yote, na kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003 watu wa kusini walikuwa wakilala wakisubiri kivuko. Lakini ni barabara ndefu yenye vipande vya giza, mbuzi na ng'ombe wanaovuka, na malori yanayoharibika katikati ya njia na kuwekewa matawi ya miti badala ya pembetatu ya kuakisi. Wakati wa masika maji huila kingo zake.

Bila kueleza hali ya usalama ya wakati ule, uamuzi wa watu hawa utaonekana wa kijinga, na haukuwa wa kijinga. Tangu Oktoba 2017 vita vilikuwa vinaendelea Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya Mto Ruvuma. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka wakashambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu, mkoani Mtwara. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Machi 24, 2021 mji wa Palma ulivamiwa, nao hauko mbali na mdomo wa Ruvuma. Kati ya watumishi 11, wawili walikuwa na ndugu Kitaya. Kwao neno "wamevuka mto" lilikuwa habari ya msiba uliokwisha kuwafika.

Kuna jambo la zamani zaidi. Januari na Mei 2013, wakati wa ghasia za kupinga bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, watu wa Mtwara walijifunza kupata habari kwa simu kutoka kwa jirani kabla ya kuzipata kwa kiongozi yeyote. Mazoea hayo hayajafutika. Habari ikitoka kwa shemeji inaaminiwa kuliko tangazo la redioni, na anayetaka kupima uvumi Mtwara au Lindi lazima aanze hapo. Akianza kwa kuwacheka watu, hatasikilizwa tena.

Mfuatano wa matukio

Jumanne mchana mvua ilikuwa kubwa. Ndege kutoka Dar ilishuka kuelekea uwanja wa Mtwara, ikakaribia ardhi, kisha injini zikanguruma ikapanda tena. Ilizunguka kama robo saa, ikatua salama mara ya pili. Mtumishi wetu mmoja, mhasibu, alikuwa ndani. Aliposhuka aliwaambia wenzake: "Rubani kama alikwepa kitu." Alikuwa anaeleza tumbo lake lilivyojisikia, si alichokiona kwa macho.

Jumanne hiyohiyo jioni, kabla ya magharibi, mlio mzito ulisikika kutoka baharini. Watu wa Shangani waliusikia, na waliokuwa wanasubiri kivuko cha Msangamkuu pia.

Jumatano saa mbili asubuhi ujumbe wa sauti uliingia katika kundi la WhatsApp la madereva. Ulikuwa wa sekunde 48, sauti ya mwanamume, nyuma yake kuku wanasikika. Maneno yake, kwa ufupi: kama una mtu wako anasafiri na ndege ya Alhamisi jioni mwambie aghairi, watu wamevuka mto na roketi za kubeba begani, jana walijaribu, rubani akakwepa, mlio wake mmeusikia wenyewe, mjumbe hauawi, wape na wengine.

Saa nne mkuu wa madereva, mtu wa makamo ambaye ofisi nzima inamwita Mzee, alikwenda kwa mratibu wa safari, kijana wa miaka ishirini na kitu. Alimpa simu asikilize. "Mwanangu, mimi sijui kama ni kweli, ila siwezi kunyamaza halafu kesho nije kuzika watu." Mratibu alisema, "Shikamoo Mzee, ngoja nimpelekee Mama." Mama ni mkurugenzi wa mradi.

Kuanzia hapo habari ilitembea haraka. Saa tano wote 11 walikuwa wameusikia ujumbe. Muuguzi mmoja alisema hapandi, hata akifukuzwa kazi. Mhasibu alirudia habari ya Jumanne, na safari hii "kama alikwepa kitu" ikawa "alikwepa kitu".

Saa saba mkurugenzi alinipigia. Nilikuwa Dar, katika kikao kingine, nikatoka nje kupokea. Nilikuwa mshauri wao wa usalama wa safari kwa mkataba. Alinisomea maneno ya ujumbe, akauliza, "Kaka, hili ni la kweli?" Nilimjibu: "Mama, siwezi kulithibitisha wala kulikanusha. Chukueni tahadhari." Kisha nikamtumia fomu yetu ya tathmini ikiwa imejazwa. Kwenye kisanduku cha kiwango cha hatari niliandika: *Kubwa*.

Saa tisa uamuzi ulifanyika. Wataondoka siku hiyohiyo kwa barabara, magari mawili, ili Ijumaa wawe kikaoni. Saa kumi na nusu jioni magari yalitoka Mtwara.

Saa tatu na robo usiku, wamekwisha kupita Nangurukuru, gari la mbele lililoendeshwa na Mzee lilikuta lori limesimama katika njia yake bila taa wala alama. Mvua ilikuwa inanyesha. Alikata usukani, gari likatoka barabarani, likaingia kwenye mtaro na kulala ubavu. Gari la nyuma lilisimama kwa wakati.

Maamuzi na sababu zake

Nimezungumza na kila mmoja baadaye, mmoja mmoja, na sikumkuta aliyeamua kwa pupa tu.

Mkurugenzi alikuwa na sababu tatu. Ya kwanza ni mimi: mtu anayelipwa kupima hatari amemwandikia "Kubwa". Pili, alifikiri juu ya lawama. "Ndege ikipata tatizo na mimi nilikuwa na ujumbe huu mkononi, nitawaambia nini wazazi wao?" Tatu, barabara aliiona ya kawaida. Ameipita mara nyingi. Neno "hatari" siku ile lilikuwa limeshikamana na ndege, likawa halina nafasi ya kukaa mahali pengine.

Mratibu aliamua kuondoka jioni kwa sababu ya kikao. Alipendekeza kikao kisogezwe hadi Jumatatu, lakini alipendekeza kwa sauti ndogo, mara moja tu, akaacha. Aliniambia: "Kaka, wakubwa walikuwa wameshashika uamuzi."

Mzee alijua kwamba kuendesha usiku katika mvua si busara, na kanuni ya taasisi ilikataza safari baada ya saa kumi na mbili jioni. Hakusema. Ndiye aliyeleta ujumbe, na alihisi kwamba akileta pingamizi la pili atakuwa amekataa ndege na gari pia, kana kwamba hataki watu wasafiri kabisa.

Kwa nini hakuna aliyekwenda polisi wa uwanjani, umbali wa dakika chache tu kutoka ofisini? Sababu ziligongana. Mkurugenzi aliona haya kupeleka kitu ambacho huenda ni upuuzi. Madereva waliogopa kwa sababu nyingine: wengi wao walikuwa wamekwisha kuusambaza, na walikuwa wamesikia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo. Kwa hiyo ujumbe uliodai kwamba ndege yenye abiria itadunguliwa ulizunguka mji mzima kutwa nzima, na kutoka kwetu haukuwafikia watu ambao kazi yao ni kuulinda uwanja.

Nami niliandika "Kubwa" kwa sababu niliiangalia picha ya mwisho: ndege inaanguka, watu wamekufa. Madhara hayo ni makubwa, hakuna ubishi. Lakini fomu iliuliza hatari, na hatari ina pande mbili: ukubwa wa madhara, na uwezekano wa jambo lenyewe kutokea. Upande wa pili niliuruka. Niliogopa kuandika "mdogo" na siku moja karatasi hiyo isomwe mbele ya tume. Nilijilinda mwenyewe, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko kosa la hesabu.

Matokeo

Muuguzi alivunjika mfupa wa paja. Mzee alivunjika mbavu tatu. Mhasibu alichanika mkono, akashonwa. Hakuna aliyekufa. Watu wa kijiji cha karibu walitoka na tochi za simu, wakawatoa kupitia dirisha la nyuma, wakasimamisha basi lililokuwa linaelekea kusini na kuwabeba majeruhi hadi hospitali.

Alhamisi ndege ilikuja Mtwara mchana, ikatua, ikapakia, ikaondoka na viti 11 vitupu. Ni viti hivyo vilivyofikisha habari mahali pake. Dada wa kaunta alimpigia mratibu kuuliza kwa nini kundi zima halijatokea, mratibu akamweleza, naye akapeleka kwa usalama wa uwanja papo hapo. Ofisa aliyekuja ofisini alisikiliza sekunde 48 mara mbili, akauliza maswali yasiyozidi kumi, akaondoka na nakala. Hakumkamata mtu wala kumtishia.

Mlio wa Jumanne ulikuwa baruti ya uvuvi. Pwani ya kusini imeijua baruti hiyo kwa miongo mingi. Doria zimeipunguza sana, na pengine ndiyo maana masikio yalikuwa yameusahau mlio wake. Na rubani hakukwepa kitu: hakuiona vizuri njia ya kutua katika mvua, akapanda na kujaribu upya, kama alivyofundishwa. Kwa rubani huo ni usalama wenyewe. Kwa abiria aliyefumba macho na kushika kiti cha mbele, inafanana na kuponea chupuchupu.

Uchambuzi: tishio lilikuwa la kweli kiasi gani?

*Ujumbe wenyewe*

Wanaofanya kazi ya usalama wa anga wana njia ya kupima ujumbe wa tishio ambayo haihitaji kujua siri yoyote. Wanauliza: je, ujumbe unaitambua shabaha kwa uhakika? Umetaja namba ya safari, tarehe, saa, njia, mahali kitu kilipo? Una jambo lolote ambalo mtu wa nje asingelijua? Kutokana na majibu tishio huwekwa katika kijani, njano au nyekundu. Kijani haliaminiki, nyekundu ni mahususi na lina uzito, njano lina shaka inayohitaji hatua za ziada.

Tuurudie wetu. Ulisema "ndege ya Alhamisi jioni". Ratiba ya wiki ile haikuwa na ndege ya Alhamisi jioni. Ilikuwa ya mchana. Tiketi 11 zilikuwa mezani mwa mratibu, saa imeandikwa juu yake, na hakuna aliyelinganisha. Hata mimi sikuuliza. Mtu aliyevuka mto na silaha ya kudungulia ndege, akakosea ndege inakuja saa ngapi, si mtu aliyejiandaa.

Pili, ushahidi wote uliotajwa ulikuwa wa hadharani: ndege iliyopanda tena, na mlio wa jioni. Kila mtu mjini alikuwa navyo. Ujumbe haukuongeza hata kitu kimoja ambacho mji haukuwa nacho, ila uliviunganisha tu. Huo ndio utendaji wa uvumi mwingi wenye nguvu: huchukua mambo mawili ya kweli na kuyafunga kwa kamba ya uongo, na anayeyajua yale mawili anaapa kwamba la tatu nalo ni kweli.

Tatu, juu ya ujumbe palikuwa na mishale miwili, alama ya WhatsApp kwamba umesambazwa mara nyingi. Mzee alidhani umetoka kwa dereva mwenzake. Dereva mwenzake alidhani umetoka kwa shemeji yake aliyeko Nanyamba. Tulifuata hatua tano nyuma na hatukumpata aliyesema "nimeona".

Kwa kipimo hicho ujumbe ulikuwa kijani, na kwa mtu mwangalifu sana ungekuwa njano ya saa chache mpaka ratiba ifunguliwe. Kuupima kungechukua dakika ishirini.

*Uwezo, nia na nafasi*

Hapa sitaki msomaji aondoke akidhani roketi ya begani ni hadithi ya sinema. Novemba 28, 2002, Mombasa, pwani yetu hii hii, makombora mawili ya begani aina ya Strela-2 yalirushwa kuelekea Boeing 757 ya Arkia, shirika la Israeli, iliyokuwa inapaa na watu 271. Yalikosa, na ndege ikafika Tel Aviv. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, ndege ya mizigo ya DHL ilipigwa kombora bawani karibu na Baghdad, marubani wakaitua wakiwa wamepoteza mifumo yote ya kuongozea. Mtu akiniambia "haiwezekani Afrika Mashariki", nitamwambia amesahau.

Lakini "imewahi kutokea" ni mwanzo wa swali tu. Swali lenyewe ni: watu hawa, wiki hii, mahali hapa, wana nini mkononi? Nia ya kuua raia ilikuwepo ng'ambo ya mto, Kitaya ni shahidi. Uwezo je? Kombora linalofuata joto la injini si bunduki ya kuokota. Linahitaji betri hai, mtu aliyefunzwa, na njia ya kuvushwa katika mto ambao baada ya Kitaya ulikuwa umejaa doria. Hakuna ndege ya abiria iliyokuwa imedunguliwa Cabo Delgado katika vita vile. Huko kwenyewe, ambako wapiganaji walikuwa nyumbani, hawakufanya. Ujumbe ulidai wamekuja kufanyia kwetu.

Pia neno "roketi" lilituchanganya. Mtaani roketi ni kila kinachorushwa begani, ikiwemo RPG, silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga vifaru. RPG haifuati joto. Inakwenda pale jicho la mpigaji lilipoelekeza. Imewahi kuangusha helikopta zinazoruka chini chini, Mogadishu mwaka 1993, lakini kupiga kwayo ndege ya abiria inayokwenda kasi ni jambo jingine. Siku ile hatukuuliza "roketi gani?" Tuliisikia tu, na kila mmoja akachora picha yake.

Nafasi nayo ina historia ya kufikirisha. Ukiangalia ndege za abiria zilizoshambuliwa kweli, si mara moja mlango ulifunguliwa kutoka ndani au karibu na ndani. Februari 2, 2016 ndege ya shirika la Daallo ilitobolewa na bomu lililofichwa kwenye kompyuta ya mkononi baada ya kupaa Mogadishu, na kamera za uwanja zilionyesha kompyuta hiyo ikikabidhiwa baada ya sehemu ya ukaguzi. Ndege ya shirika letu la taifa iliyotekwa Februari 1982 ikitoka Mwanza na kupelekwa hadi Stansted, Uingereza, ilitekwa na vijana waliopanda kama abiria wengine. Kama ningeulizwa siku ile nini kinifanye nikose usingizi juu ya uwanja mdogo wa mkoa, ningesema begi lisilo na mwenyewe, au mlango wa nyuma ulioachwa wazi, kabla ya kumfikiria mtu wa mtoni.

*Barabara haikupimwa*

Hili ndilo kosa lililovunja mifupa. Fomu yangu ilikuwa na ukurasa mmoja, nao ulikuwa wa ndege. Hakukuwa na ukurasa wa kile ambacho watu wangefanya badala yake.

Hawakuwa wanachagua kati ya hatari na usalama. Walikuwa wanachagua kati ya ndege yenye tishio hafifu na kilomita 560 usiku, katika mvua, dereva mwenye zaidi ya miaka hamsini ambaye alikuwa kazini tangu asubuhi. Tungeziweka mbili hizi kwenye karatasi moja, Mzee mwenyewe angesema. Tulimnyima mahali pa kusemea.

Hatukuwa wa kwanza. Baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakaingia barabarani. Mtafiti wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, alikadiria kwamba katika mwaka uliofuata watu wapatao 1,500 zaidi walikufa kwa ajali za magari kwa sababu ya kuikimbia ndege. Hao hawakusomewa majina katika kumbukumbu yoyote.

*Kuripoti si kuamini*

Mkurugenzi aliniambia: "Nilidhani nikiripoti ni lazima niwe nauamini." Nadhani hapa ndipo ofisi nyingi hukwama. Kuamini na kuripoti ni vitu viwili. Unaweza kuuona ujumbe ni upuuzi mtupu na bado ukaupeleka, kwa sababu wewe una kipande kimoja na wao wana vipande vingine. Na unaweza kuupeleka bila kuusambaza: unaonyesha simu kwa ofisa, basi. Kusambaza kwa watu 200 na kuonyesha kwa mtu mmoja mwenye dhamana ni matendo mawili tofauti kabisa, nasi tulifanya lile la kwanza tukiogopa la pili.

Wala haikuwa kazi yetu kusema ndege iruke au isiruke. Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinaiweka kazi ya usalama wa anga mikononi mwa dola, nasi nchini tuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege na polisi. Wao wanaweza kuchelewesha ndege, kukagua upya, kuongeza doria. Sisi tuliweza kufanya jambo moja tu, la kuwahamisha watu wetu, na tuliwahamishia pabaya.

Anayeripoti asivunjike moyo ujumbe ukionekana wa uongo. Oktoba 2024 mashirika ya ndege ya India yalipokea mamia ya vitisho vya bomu ndani ya wiki chache, na havikuwa na kitu. Bado kila kimoja kililazimu kupimwa. Uwingi wa uongo hauondoi kazi ya kupima; unadai tu kazi hiyo iwe ya haraka na ifanywe na wanaojua.

*Yaliyofanyika vizuri*

Mzee hakunyamaza. Pamoja na yote yaliyofuata, alipeleka habari juu ndani ya saa mbili, kwa mtu sahihi ndani ya ofisi, na kwa maneno ya haki: "sijui kama ni kweli". Ningependa kila dereva awe hivyo. Magari yalikuwa mawili, na kama si la pili majeruhi wangekaa mtaroni muda mrefu zaidi. Wote walikuwa wamefunga mikanda, hata wa kiti cha nyuma, kwa sababu Mzee haondoki bila hivyo. Na hakuna aliyelazimishwa kupanda ndege akiwa na hofu. Muuguzi alikuwa na haki ya kukataa; alichokosa ni mtu wa kukaa naye na kuufungua ujumbe ule kipande kwa kipande.

Kilichobadilika

Fomu sasa ina safu mbili sambamba, njia iliyotishiwa na njia mbadala, na haikubaliwi moja ikiwa tupu. Neno "Kubwa" haliandikwi peke yake. Lazima useme ni kubwa kwa madhara au kwa uwezekano. Namba ya usalama wa uwanja imebandikwa ukutani kwa mratibu, na madereva wameambiwa kwa maandishi, sahihi ya mkurugenzi chini yake, kwamba anayeleta ujumbe ofisini hataulizwa kwa nini alikuwa nao. Chaguo la kuahirisha kikao sasa linatajwa kwanza, na aliye mdogo kwa cheo mezani ndiye anayeanza kusema.

Miezi kadhaa baadaye ulikuja ujumbe mwingine wa tishio, safari hii wa maandishi, kuhusu begi. Ulitaja siku sahihi na saa sahihi. Mratibu aliupeleka uwanjani ndani ya dakika kumi na mbili, kisha akanipigia. Wenye dhamana waliupima, wakakagua mizigo upya, ndege ikachelewa karibu saa mbili, begi halikuwepo. Watumishi wanne walisubiri ukumbini na wakapanda.

Mmoja wao alikuwa muuguzi, safari yake ya kwanza tangu mfupa uunge. Nilimpigia kumuuliza kama ana wasiwasi na ndege. Akanijibu hapana, akataka kujua gari la kumpokea Dar linaendeshwa na nani, na litafika saa ngapi.